Mikono Nitaiweka Mfukoni

Mwanangu Rehema,

Jana garini hukutamka neno kutoka uwanjani hadi nyumbani, nami sikukuuliza. Nakuandikia kwa kuwa nikianza kusema nitaharibu.

Mlipojiunga na mashindano ya roketi ya wanafunzi wa Marekani, nilicheka. Kurusha yai ndani ya roketi! Bibi yako Tanga angesema mmeshiba. Kisha ukanieleza: roketi isizidi gramu 650, kila futi mnayokosa kwenye kimo kilichopangwa ni pointi moja, kila sekunde nje ya muda ni pointi nne, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Yai likipata ufa, mruko wote haukubaliwi.

Jana mlikosa kimo kwa futi 3 tu. Wenzako walikuwa wameshaanza kurukaruka. Parachuti ikatoka imejikunyata kama soksi iliyokamuliwa, wala haikufunguka.

Najua unajilaumu kwa kuwa wewe ndiye uliyeikunja. Niliiokota, nikaitazama kwa jicho la fundi cherehani. Kamba hazikusokotana, wala baruti inayofyatua pua ya roketi haikuiunguza. Ile ni plastiki, na uliikunja Ijumaa usiku ikalala garini kwenye baridi ya Machi. Plastiki ikilala hivyo hukakamaa na kugandana. Ikunjeni uwanjani, dakika chache kabla ya kurusha, na muipake poda ya mtoto kidogo. Au tumieni nailoni, haina kiburi hicho. Ila mpime kabla ya kukata: ikiwa pana mno itaelea hadi muda upite, ikiwa ndogo yai litatua kwa kishindo.

Mimi ningeishona kwa nusu saa, na vidole vinaniwasha kweli. Lakini kanuni inataka mjenge wenyewe. Basi nimeitia mashine mafuta, nimeweka sindano nyembamba, na ule mwavuli uliovunjika nimeuchambua, kitambaa nimekifua. (Wazee wetu parachuti nayo waliiita mwavuli.)

Mmebakiwa na mruko mmoja kati ya mitatu, na ule wa kwanza ulikubaliwa. Waambie wenzako waje Jumamosi. Nitakuwa jikoni nikipika chapati. Uzi ukikatikakatika niite, nitakuelekeza kwa mdomo. Mikono nitaiweka mfukoni.

Baba yako