Mapato madogo si ushahidi kwamba watazamaji waliichukia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nipinge kauli ambayo baadhi ya wasomaji wenzangu wamekuwa wakiirudia, kwamba filamu ya Blade Runner 2049 "ilikataliwa na watazamaji" kwa kuwa mapato yake yalikuwa madogo. Kauli hiyo inawachanganya watu waliokwenda kuitazama na wale ambao hawakwenda kabisa.

Filamu hiyo ya Denis Villeneuve ilipotoka Oktoba 2017, watazamaji waliohojiwa wakitoka kumbini huko Marekani waliipa alama ya A-, ambayo haitolewi kwa filamu iliyochukiwa. Tatizo lilikuwa idadi yao. Wengi walikuwa wanaume, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1982, ilipotoka ile ya kwanza ya Ridley Scott, hawakuona sababu ya kuketi dakika 163 wakifuatilia mwendelezo wa hadithi wasiyoijua. Isitoshe, hata wahakiki waliombwa wasifichue mambo ya msingi ya hadithi, na sijui nani hununua tiketi ya kitu asichoelezwa.

Wapo waliolalamika kwamba filamu inakwenda polepole mno. Hofu hiyo si ngeni, kwani mwaka 1982 wenye filamu waliogopa kwamba watu hawataelewa, wakamwingiza mwigizaji mkuu, Harrison Ford, asimulie juu ya picha, usimulizi ambao uliondolewa katika toleo la 1992. Sisi tuliozoea vibanda vya video, ambako mtafsiri hakuacha ukimya upite bila neno, huenda tunakosa subira zaidi ya wengine.

Lawama nzito ni ile ya namna wanawake walivyoonyeshwa, na hapa watetezi wa filamu hujibu kwa haraka mno. Wao hutaja tukio la K, mhusika mkuu wa filamu, akiwa amesimama darajani, amejeruhiwa, na tangazo kubwa la mwanamke aliye uchi linamwinamia na kumwita Joe, jina lile lile alilopewa na mpenzi wake wa kielektroniki akidhani ni lake peke yake. Nakubali kwamba tukio hilo linaisuta biashara ya kuuza mapenzi, kwa kuwa K mwenyewe anatambua pale kwamba huenda alichokipenda ni bidhaa. Lakini utetezi huo hauwezi kuhamishiwa kwa Wallace, tajiri anayeunda binadamu bandia, anapompasua tumbo mwanamke aliyetoka kuumbwa dakika hiyo, asiye na jina wala neno la kusema. Ukatili wa Wallace tungeuelewa bila kamera kukaa pale muda wote ule. Wanaolalamikia tukio hilo wanalalamikia kitu kilichomo, na si haki kuwaambia kwamba hawakuielewa filamu.

Msomaji wako,
Morogoro