Mnaotaka kuja Japani, anzeni na taka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Nawasoma kwenye simu kila asubuhi nikiwa ndani ya treni, na kila mkiandika kuhusu Japani ni yale yale, viza, mshahara, roboti, magari ya mtumba, halafu mwishoni anatafutwa kijana mmoja aliyerudi nyumbani naye anasema Wajapani wagumu, hawakaribishi mtu, unakaa miaka mitano jirani hajui hata unatoka wapi. Mi niko huku mwaka wa 11 sasa, mkoa wa Aichi, mji mdogo, dakika 40 kwa treni kutoka Nagoya, na ningeulizwa kwenye ile miaka miwili ya mwanzo ningejibu vilevile kama huyo kijana, tena kwa hasira zaidi.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu taka, maana hapo ndo kila kitu kinapoanzia. Nilipofika nilijaza mfuko mmoja kila kitu, miba ya samaki, chupa za plastiki, makopo, betri, nikautoa nje usiku kama tulivyozoea. Asubuhi mifuko ya watu wote imebebwa, wangu uko palepale peke yake umebandikwa stika nyekundu kama nyumba iliyopigwa X ya bomoabomoa, na kila anayepita anaujua ni wa nani kwa sababu mgeni mtaani ni mmoja tu. Nikaurudisha ndani. Wiki iliyofuata tena. Kumbe taka za kuchomwa zina siku zake mbili kwa wiki, plastiki siku yake, makopo na vioo siku yake, chupa ya maji unatoa kizibo, unabandua karatasi, unaisuuza ndo unaitupa, mfuko wenyewe lazima uwe ule wa mji unaouzwa dukani, na unautoa asubuhi siyo usiku, unaufunika kwa wavu kwa sababu ya kunguru (kunguru wa huku wakubwa, wa Dar watoto). Kochi likichakaa ndo usiseme, unapiga simu kwanza, unapangiwa tarehe, unaenda konbini, yaani duka dogo la mtaani, kununua stika, unalibandika, kisha unalitoa. Unalipia kutupa kitu chako mwenyewe!

Nilidhani wananionea. Mpaka bibi wa nyumba ya pili akagonga mlango, kashika kalenda ya taka ya mji, kaichorea kwa mkono picha ya samaki, chupa na gazeti kwenye kila siku kwa sababu alishaona kusoma sijui. Hakutabasamu sana, akainama akaondoka. Ile kalenda iko ukutani kwangu hadi leo ingawa imeshapita miaka, siwezi kuitupa, na hata nikitaka kuitupa ningelazimika kujua ni siku ya karatasi.

Huyo bibi ndo alinifundisha kwamba mgeni ndiye anayeanza. Kwetu ukihamia, wenyeji wanakuja kukuona, huku anayehamia ndiye anayepita kusalimia, nyumba tatu za mbele na mbili za ubavuni, na kizawadi kidogo, taulo ya mkono au biskuti. Mi sikupita. Kwa hiyo miezi yote ile nilikuwa nawalaumu hawajaja na wao wananisubiri mimi. Halafu kuna ubao wa mtaa, kairanban wanauita, ni ubao mgumu umebanwa makaratasi ya matangazo, unatoka nyumba hadi nyumba, unasoma, unagonga muhuri wako, unampelekea anayefuata. Wenzangu wa enzi ya mjumbe wa nyumba kumi mtanielewa haraka. Mi uliponifikia mara ya kwanza nikauweka juu ya friji wiki nzima nikijua ni zawadi ya karibu mtaani. Mtaa mzima haukujua siku ya kufanya usafi wa mfereji kwa sababu yangu.

Mambo ya serikali nitayapitia haraka maana hayo mtaambiwa na kila mtu. Ukipata nyumba una siku 14 za kwenda ofisi ya mji kuandikisha anwani. Kadi ya ukaazi tembea nayo hata ukienda kununua vitunguu. Bima ya afya jiunge, hospitali unalipa asilimia 30 tu. Kupanga jiandae kisaikolojia, kuna amana, kuna kampuni ya kukudhamini, na sehemu nyingine kuna kitu kinaitwa reikin, yaani pesa ya asante kwa mwenye nyumba, na hairudi. Baiskeli ukinunua ya mtu badilisheni jina, polisi anaweza kukusimamisha hata saa 4 usiku akasoma namba. Chakula usiogope, bamia zipo na wanaziita okura, nazi ya kopo ipo, mchele wa pilau na nyama ya halali tafuta maduka ya Wapakistani, ila mchele wa kawaida wa Wajapani usiufanyie pilau, utapata uji wenye iliki.

Lakini Mhariri, kilichonifanya nishike kalamu ni hii habari ya kwamba huku hakuna maisha nje ya kazi. Nani kasema? Miji mingi ina ukumbi wa wananchi, kominkan, na wengi wetu tunapita nje yake kila siku tunadhani ni ofisi. Mle ndani kuna darasa la Kijapani la watu wa kujitolea, mi nilikuwa nalipa yeni 100 kwa kipindi, kuna kuandika kwa brashi, kuna chai, kuna ngoma kubwa za taiko, kuna wazee wanacheza go na shogi, michezo ya ubaoni. Na Aichi tuna jambo letu wenyewe, ukienda mgahawani asubuhi kabla ya saa 5 ukaagiza kahawa, unaletewa na mkate wa kuchoma na yai la kuchemsha kwa bei ileile ya kahawa, wenyewe wanaita moningu. Saa 2 asubuhi wazee wameshajaa, gazeti moja linasomwa na watu wanne, wanabishana. Mi mtu wa Tanga, nimekulia kwenye baraza za kahawa, nilipoingia pale mara ya kwanza nilitafuta kashata.

Hapo ndo nilipokutana na mzee mmoja dereva mstaafu, akaniuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, akaweka kikombe chini akasema "Ikangaa!" Nikashangaa. Akaanza kunisimulia marathoni ya Fukuoka ya mwaka 1983, jinsi mkimbiaji wetu Juma Ikangaa alivyoongoza na Mjapani Seko yuko nyuma ya mgongo wake kama kivuli, Seko akaja kumpita mwishoni kabisa uwanjani, tofauti sekunde 3, na mzee akasimama kabisa kuonyesha Ikangaa alivyokuwa anakimbia, mikono hivi, shingo hivi. Akaniambia pia kwamba mwaka 1986 Ikangaa alirudi Fukuoka akashinda. Mi nilikuwa sijui! Mjapani ananifundisha habari za Mtanzania mwenzangu mbele ya yai la kuchemsha.

Yeye ndo alinipeleka kwenye shogi. Kwa wasioijua, inafanana na chesi, ubao wa 9 kwa 9, ila kete zote zina rangi moja, unajua ya nani kwa kuangalia ncha imeelekea wapi. Na kwa nini rangi moja? Kwa sababu ukimla mwenzako, ile kete inakuwa yako, unaigeuza na kuirudisha ubaoni impige bwana wake wa zamani. Aliponieleza hilo nilicheka peke yangu, wakanitazama. Nikamwambia mzee, kwetu kuna bao, mashimo 32, kete 64, na kete ukizila hazitoki nje ya mchezo, unazisambaza kwako zinakufanyia kazi. Chesi aliyeliwa ndo basi kaondoka. Mzee akanyamaza kidogo kisha akataka nimchoree. Tulimaliza karatasi mbili za kufutia mikono.

Na majira ya joto kuna bon odori, ngoma ya kukumbuka waliotangulia, jukwaa katikati na ngoma juu, watu wanazunguka. Hakuna kiingilio wala hakuna wa kukuuliza umealikwa na nani, unaingia kwenye duara unamfuata bibi aliye mbele yako, hao mabibi wanajua hatua zote. Mara ya kwanza nilijivalisha mwenyewe yukata, kimono nyepesi ya majira ya joto, nikajiona nimependeza kweli, nikatembea nayo mtaa mzima, kumbe upande wa kulia nimeulaza juu ya wa kushoto, na hivyo ndivyo anavyovikwa maiti. Yule bibi wa kalenda ya taka aliniona kwa mbali, akanivuta nyuma ya banda la mahindi ya kuchoma, akanifungua mkanda pale pale kama mtoto wa chekechea, akanifunga upya, kushoto juu, akanipiga kofi la mgongo akasema nenda. Nilicheza mpaka wakazima taa.

Sisemi kila mlango uko wazi. Nimeshaambiwa na dalali kwamba mwenye nyumba hataki mgeni, hivyo hivyo bila kuficha, na kwenye treni kiti cha pembeni yangu huwa kinabaki kitupu watu wamesimama, hilo limeniuma na bado linaniuma siku nyingine. Lakini Mhariri, vijana mnawatisha na upweke bila kuwaambia kominkan iko wapi. Mngetenga hata safu moja kwa mwezi ya mambo madogo kama haya, mkaandikiwa na walioko huku, Osaka, Tokyo, Hokkaido, ingesaidia kuliko picha nyingine ya roboti.

Kuhusu bao, nimemwomba mpwa wangu anitumie ubao kutoka Tanga. Kete nimemwambia aziache, zile komwe ni mbegu, na mbegu zikifika mpakani hapa zina maswali mengi. Mzee kasema nisihangaike, kwenye seti yake ya go vijiwe viko zaidi ya 300, tutachukua 64.

Mzaliwa wa Tanga,
Aichi, Japani