Harambee ya Roboti ya Ziwani: Tuone Dagaa Wanakula Nini

Ndugu wazazi, wavuvi wa Igombe, akina mama mnaoanika dagaa na marafiki wote wa shule, salaam. Tumekuja kwenu tena.

Klabu ya sayansi inaunda roboti ndogo ya kuzamishwa ziwani ili ipige picha planktoni, yaani vijimea na vijidudu vinavyoelea majini. Vingi havifiki milimita mbili, lakini vijidudu hivyo ndivyo sehemu kubwa ya chakula cha dagaa. Giza likiingia vijidudu hupanda juu, kukikucha hushuka. Hushuka mita ngapi hapa kwetu, na msimu gani? Vijana wanataka kuliona hilo kwa macho. Wavu walioushona kwa soksi ndefu za kike, chupa ikiwa mkiani (msicheke, unakamata kweli), huchanganya vya juu na vya chini, na vile laini hufika vimepondeka. Kamera itaonyesha kila kimoja kilipo.

Halafu kuna yale maji ya kijani. Baadhi ya mwani unaoyatia rangi hutoa sumu inayodhuru ini, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Upepo ukivuma, mwani huo hutawanyika chini; upepo ukitulia, huelea na kutanda. Tungependa kuuona ukiwa bado chini.

Fremu ni ya mabomba ya plastiki ya fundi bomba, na mota tatu zimetolewa kwenye pampu ndogo za kutolea maji botini. Hivyo tunavyo. Betri ya gari itabaki mtumbwini, na waya wa intaneti utapandisha picha. Taa itamulika kutoka ubavuni, nyuma pakiwa peusi, ili vijidudu ving'ae kama vumbi kwenye mwale wa jua unaopenya tundu la bati. Kinachotuumiza kichwa ni kuziba maji yasiingie. Mita 20 chini, kila sentimita ya mraba hubanwa na maji kwa uzito wa kama kilo mbili, na oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji) ya kubahatisha ikivuja mara moja tu, kamera imekwenda. Hapo hatutabana matumizi.

Tunatafuta shilingi 1,900,000. Nyingi zitaishia kwenye kamera, lenzi, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na mrija angavu wa akriliki. Asiye na fedha anaweza kutoa betri ya gari iliyo hai, au kutuazima mtumbwi na mtu wa kupiga kasia kwa asubuhi moja. Tena huyo tunamhitaji sana, maana walimu wengine hata kuogelea hatujui.

Michango ipelekwe kwa mhasibu wa shule, na kila mtu adai risiti. Matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ahadi tunazipokea, ila mwaka jana ahadi zilikuwa nyingi kuliko fedha, jamani.

Harambee ni Jumamosi, mara baada ya kikao cha wazazi. Fremu na mota zitajaribiwa kwenye tangi la maji nyuma ya jiko. Njooni na watoto.