Kibali cha kituo cha teksi kimtaje dereva

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie sheria ndogo zinazosimamia vituo vya teksi katika Jiji la Arusha na Manispaa ya Moshi. Zinahitaji kuandikwa upya, na pa kuanzia ni kwa dereva.

Leseni ya usafirishaji ya teksi hutolewa na LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, kwa gari na kwa mwenye gari. Halmashauri kazi yake ni kupanga vituo na kuamua nani aegeshe wapi. Karatasi zote hizo zinaweza kuwa sahihi kabisa, na bado hakuna hata moja inayomtaja aliyeshika usukani saa sita usiku.

Gari hukabidhiwa dereva kwa hesabu ya siku, yaani kiasi anachotakiwa kumpelekea mwenye gari kila siku. Tuseme hesabu ni shilingi 20,000 na mafuta juu yake. Akikosa abiria mchana, atakesha. Akizidiwa na usingizi atampa deiwaka, yaani dereva wa kushikia kwa muda, amalizie. Kijiweni deiwaka huyo anajulikana kwa jina la utani tu, na mwenye gari huenda hajawahi kumwona. Abiria akisahau begi, au akitendewa ubaya, polisi wataanza na namba ya gari. Namba itawapeleka kwa mwenye gari, naye atawapeleka kwa dereva wa mchana. Kutoka hapo hakuna pa kwenda.

Halmashauri haina mamlaka ya kubadili leseni ya LATRA, ila inaweza kuweka masharti kwenye kibali cha kituo. Sharti la kwanza liwe kwamba kila gari liandikishe madereva wasiozidi wawili, deiwaka akiwa mmoja wao, na kila mmoja awe na leseni ya udereva ya daraja C3, yaani ya kubeba abiria wasiozidi wanne. Mwenye daraja D peke yake asiandikishwe, kwa sababu hilo ni la gari binafsi. Mkataba wa hesabu uandikwe na nakala ibaki halmashauri.

Kitambulisho cha dereva kiwe na picha, jina, namba ya ubavuni, kituo na tarehe ya mwisho. Kibandikwe mgongoni mwa kiti cha mbele, maana abiria wengi hukaa nyuma na cha kwenye dashibodi hawakisomi. Namba ya ubavuni ipakwe rangi, kwa tarakimu zenye urefu wa sentimita 10 au zaidi. Stika za sumaku zikatazwe kabisa, kwa kuwa hubanduliwa kwa dakika moja na kuhamishiwa gari lisiloandikishwa.

La pili ni bima. Bima ya gari binafsi haimkingi abiria aliyelipa nauli. Gari lenye kibao cha njano, yaani namba za gari binafsi, likibeba abiria wa kulipa kisha likapata ajali, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa fidia, na anayebaki na bili ya hospitali ni majeruhi. Hili linayahusu pia magari yanayoitwa kwa programu za simu. Kabla ya kutoa kibali, ofisa aihakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, asiridhike na karatasi aliyoletewa. Kibali nacho kiishe siku ileile bima inapoisha. Bima ikikoma Machi na kibali kikaendelea hadi Desemba, abiria atakaa miezi tisa bila kinga ilhali gari lina kibali halali kwenye kioo.

Kwenye ukaguzi naomba tukae kidogo, hasa kwa ajili ya Moshi. Teksi ya Moshi hushuka kutoka Marangu, Kibosho na Machame ikiwa imejaa abiria na mizigo. Nyingi ni magari madogo ya otomatiki, na dereva hushuka gia ikiwa kwenye D huku mguu ukiwa kwenye breki tangu juu hadi chini. Breki hupata moto mkali. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingia maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango hicho hushuka hadi kama 140. Yakichemka, mapovu yanaingia kwenye mipira na mabomba ya breki, na pedali inazama hadi sakafuni. Chini ya mteremko, breki zikishapoa, fundi akizijaribu ataziona nzima.

Ukaguzi wa kutazama kwa macho hauwezi kugundua hilo. Iwepo kalamu ya kupimia maji kwenye mafuta ya breki, ambayo ni kifaa kidogo cha bei nafuu, na yakizidi asilimia 3 yabadilishwe siku hiyohiyo. Tairi ziwe na kashata, yaani meno ya tairi, zenye kina kisichopungua milimita 1.6. Usomwe pia umri wa tairi: tarakimu nne za mwisho ubavuni, mfano 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mitumba huweza kuwa na kashata nzuri huku mpira umekwisha kukauka na kupasuka nyufa. Gari lililozidi miaka kumi likaguliwe kila baada ya miezi sita.

Limebaki suala la KIA, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Uwanja uko Hai, mkoa wa Kilimanjaro, na unahudumia miji yote miwili. Teksi ya Arusha ikimfikisha abiria pale na kurudi tupu, gharama ya kurudi huingizwa kwenye nauli ya kwenda. Halmashauri za Arusha, Moshi, Meru na Hai zikae na uongozi wa uwanja zikubaliane foleni moja ya teksi zilizohakikiwa, kabla ya wageni wa AFCON ya 2027, mashindano ya soka ya mataifa ya Afrika, kufika.

Sheria ndogo hupita baraza la madiwani, hutangazwa wananchi watoe maoni, kisha huhitaji idhini ya waziri na Gazeti la Serikali. Rasimu isichelewe. Uandikishaji wenyewe ufanyike Aprili na Mei, wakati wa masika, ambapo watalii ni wachache na dereva anaweza kupeleka gari kwenye ukaguzi bila kupoteza hesabu ya siku.

Mdau wa usafiri,
Arusha