Bwawa la vifaa vya shambani: uliza kwanza kilibeba nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji aliyesema watu wanaojenga bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba kwa mabaki ya shambani wanachezea takataka, eti bwawa ni la zege na vigae, kama huwezi basi kaa bila. Mimi ninalo, la bati la sailo kuukuu (lile ghala la mviringo la nafaka) na laina ya bwawa la umwagiliaji, yaani lile karatasi zito la plastiki linalozuia maji yasivuje, na majirani nimewasaidia kujenga ya kwao, kwa hiyo mniwie radhi nikiandika kwa ukali kidogo.

Kwanza huyu ndugu yetu anaangalia kutu na rangi iliyobanduka. Kutu ya nje utaisugua na bati lenyewe hata haligusi maji maana laina ndo inayashika. Cha kuuliza ni hicho kifaa kilibeba nini kabla hujakipata. Hori la bati la kunyweshea ng'ombe, tangi la maji ya mvua, pete za sailo ya mahindi, hivyo chukua, osha, endelea. Ukibahatika kupata tangi la maziwa la chuma cha pua yaani usimwambie mtu, kalichukue usiku huohuo. Lakini pipa la plastiki au lile tangi la mchemraba la lita 1000 lenye kizimba cha chuma, kama liliwahi kukaa dawa ya wadudu au ya magugu, achana nalo hata wakupe bure, maana plastiki inanyonya sumu ndani ya ngozi yake na baadaye inaitoa taratibu kwenye maji. Watu husema wameliosha mara tatu. Kusuuza mara tatu kupo kweli kwenye maelekezo ya dawa, ila ni ili chombo kikatupwe au kikasagwe kwa usalama, sio ili watoto waogelee humo. Na kama lebo imetoka na muuzaji anajiumauma, basi jibu umeshapata. Laina nayo hivohivo, iliyotandikwa kwenye shimo la samadi usiisogeze. Rangi za zamani za mbao na chuma nazo zinaweza kuwa na madini ya risasi, usizikwangue kavukavu ukavuta lile vumbi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo msomaji wetu hakuligusa kabisa na ndilo linaloangusha mabwawa mengi kuliko uchafu: uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo bwawa la duara lenye upana wa mita 3 na kina cha mita 1 linabeba kama lita 7,000, hizo ni tani 7 zimekaa uani kwako na zinasukuma ukuta mchana na usiku. Kwa kina hicho cha mita 1 kila mita ya mzunguko wa ukuta inasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 500, na sehemu kubwa ya hiyo nguvu iko chini, ndo maana mikanda ya kufungia mizigo ya lori unayozungushia ukuta inabidi uisogeze karibukaribu huku chini na kuiachanisha huku juu, wengi wanafanya kinyume kwa sababu juu ndo kunakoonekana kunayumba. Ukipunguza kina kikawa nusu mita, msukumo haushuki nusu, unashuka mpaka robo. Mtu anayeanza ningemwambia aanzie hapo, nusu mita inatosha kabisa kujipoza.

Na fanya duara. Bati la mviringo likisukumwa linakaza sawasawa pande zote, lakini ukijenga mstatili kwa paleti, zile fremu za mbao za kupangia mizigo, ukuta unabinuka katikati na siku moja unafunguka na zile tani zote zinaondoka na kila kilicho mbele yao. Marobota ya majani makavu watu wanayapenda kwa kuwa yanapangika haraka na ni laini kuegemea, sawa, ila yakilowa yanaoza na kulegea, yahesabu ni ya msimu mmoja tu. Ardhi uisawazishe kwa kuchimba upande ulioinuka, usijaze kifusi upande ulioshuka kwa sababu kifusi kitatitia. Huna pima maji ndefu? Chukua mpira mwembamba unaoonyesha, ujaze maji, ncha zote mbili zitakwambia usawa kwa umbali wowote. Kisha tandika mchanga uliochekechwa, juu yake turubai kuukuu au kapeti, ndio laina ije, maana kajiwe kamoja kenye ncha chini ya tani 7 hakana huruma. Barazani au juu ya paa usiweke, hapo hata sibishani na mtu.

Maji yenyewe yanataka klorini kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, kati ya 7.2 na 7.8, vipimo vya vijiti vipo na ni rahisi kusoma. Weka jioni kwa sababu jua linaila klorini. Unga wake unautia kwenye ndoo yenye maji, usimwagie maji juu ya unga, na usiuchanganye na asidi hata kidogo kwani gesi inayotoka inaua. Kama ni hori la bati tupu bila laina, maji yakiwa na asidi au klorini ikizidi, ile zinki iliyopakwa inaliwa na hapo ndo kutu halisi inaanzia. Pampu ya kuchujia iwe na breka ya kukata umeme ukivuja, ile ya miliampea 30. Usipotia dawa wala kuzungusha maji, ndani ya wiki mbili hivi umefuga mbu.

Hofu ya kweli kwangu lakini ni laina. Ikilowa inateleza kama samaki, na kwenye shimo lenye kingo za mteremko hata mtu mzima hushindwa kupanda kutoka, sembuse mtoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, karibu robo yao watoto walio chini ya miaka 5. Hao hawahitaji kina cha mita, na nusu mita niliyoisifia hapo juu inawatosha. Kwa hiyo uzio pande zote nne, geti linalojifunga lenyewe, na ngazi ya ndani si ya kuondolewa, hiyo ibaki humo siku zote, ile ya nje ndo unaiondoa.

Mhariri, na ninyi mkichapisha tena picha ya mabwawa ya namna hii, mwambieni mpiga picha arudi nyuma hatua chache ili uzio nao uonekane.

Msomaji wenu