Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Tuta la Bwawa na Wanaoishi Chini Yake

Wanachama wenzangu,

Nawasalimu kwa heshima na kuwashukuru kwa kufika. Hesabu za mwaka atazisoma mhazini, na habari za uzio na za wanachama wapya zimo katika taarifa ya katibu. Mimi nimeomba muda wangu wote niutumie kwa tuta la bwawa letu, kwa kuwa masika ya mwaka huu yalituonyesha kwamba kwa miaka mingi tumeyapenda maji na kulisahau tuta linaloyazuia.

Mnakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, maji yaliposomba nyumba na watu huko Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru. Habari za kwanza zilisema kuwa bwawa limevunjika. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake ya chini kuziba, hadi tuta likashindwa. Kwangu maelezo hayo hayakupunguza hofu hata kidogo, maana yanasema kwamba tuta lolote la udongo ambalo njia yake ya maji imeziba limekwisha kuwa bwawa, liwe limejengwa kwa nia hiyo au la. Tarehe 2 Mei, serikali iliwapa saa 24 watu waliokuwa karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 wahame. Simu nilizopokea kutoka kwa majirani wa bondeni ziliuliza jambo moja tu: je, lenu litasimama?

Sikuwa na jibu. Tulipokwenda na tochi kukagua, tulikuta njia ya kumwagia maji ya ziada imejaa matawi na mifuko ya plastiki iliyonaswa na wavu wa waya, ambao sisi wenyewe tulikubali utegwe ili samaki wasitoroke. Maji yalikuwa yamepanda karibu na kilele cha tuta. Vijana wetu walikata wavu ule kwa panga, wamefungwa kamba viunoni, na ilipofika alfajiri maji yalikuwa yameanza kushuka. Nawashukuru kwa moyo wote, na naomba kosa lile liandikwe katika kumbukumbu kuwa ni la kamati yangu.

Kosa hilo halikuanza kwetu. Mwaka 1889, huko Pennsylvania nchini Marekani, bwawa la udongo la South Fork, lililomilikiwa na klabu ya wavuvi na wawindaji, lilivunjika siku ya mvua kubwa na kuua watu 2,209 katika mji wa Johnstown na vijiji vya bonde lake. Klabu ilikuwa imeweka vyandarua vya kuzuia samaki kwenye njia ya maji ya ziada, na kilele cha tuta kilikuwa kimeshushwa ili magari ya farasi yapite kwa nafasi. Mabomba ya kutolea maji chini ya tuta yalikuwa yameng'olewa zamani na hayakurudishwa. Wenye klabu walitaka tu mahali pazuri pa kupumzikia, kama sisi.

Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake, kwa kuwa yakishaanza kumomonyoa upande wa nje, shimo hupanuka kwa saa chache na hakuna mtu wa kulizuia. Adui wa pili hufanya kazi ndani kwa ndani: maji hufuata shimo la fuko au mzizi wa mti uliooza, yakibeba chembe za udongo kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo nawasihi tusipande mikaratusi juu ya tuta, hata kwa ajili ya kivuli, na kila anayepita upande wa chini achungulie pale panapolowa. Maji yanayovuja kidogo yakiwa maangavu tutayapima na kuyaandika. Yakianza kutoka na tope, apige simu saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Wapo wanaosema kuwa bwawa letu hulinda bonde dhidi ya mafuriko. Ni kweli, lakini kwa kiasi cha nafasi iliyo tupu tu. Likiwa limejaa pomoni kabla ya mvua, karibu kila kinachoingia hutoka, na kinachobaki ni ule ucheleweshaji mdogo wa maji kutanda kabla ya kumwagika. Nafasi hiyo pia huliwa na matope yanayoletwa na mto kila msimu. Nendeni Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kati ya Langata na Kibera, mwone lilivyomezwa na matope, taka na gugumaji.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo ambayo najua hayatawapendeza wavuvi wetu. Kuanzia Februari bomba la chini lifunguliwe na maji yashushwe taratibu, kwa siku nyingi, kabla ya masika. Na kabla ya vuli tufanye hivyo tena. Nasema taratibu kwa sababu maji yakishuka ghafla, udongo uliolowa wa upande wa ndani hubaki mzito bila maji ya kuuegemeza, ukaweza kuporomoka. Wavu usirudishwe kamwe. Tumwajiri mhandisi aliyesajiliwa alikague tuta zima, na ripoti yake tuifikishe kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iwe inatusifu au inatulaumu.

La mwisho ndilo lililonikosesha usingizi zaidi. Watu wa bondeni si wanachama, hawalipi ada, na hawajawahi kualikwa katika mkutano huu, ilhali wao ndio watakaofikiwa kwanza na maji. Naomba wawe na wawakilishi wawili katika kamati, wenye haki ya kupiga kura kuhusu kina cha maji, na wapewe nakala ya ufunguo wa kibanda cha bomba. Wawili wamekuja leo kwa mwaliko wangu na wameketi mstari wa nyuma. Kabla hatujapiga kura, naomba tuwasikilize.