Bahari ya kubuni nayo lazima ijae na kupwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuwafikie vijana wanaoandika hadithi za kubuni, zile za dunia isiyokuwepo, zenye falme na majini na, karibu kila mara, bahari isiyovukika. Hadithi hizo tunazisoma, na nyingine tunazipitia kabla hazijachapishwa. Vipaji vipo. Lakini bahari zao nyingi zina ugonjwa mmoja: maji hayajai wala hayapwi. Upepo huvuma pale mwandishi anapouhitaji. Chombo husafiri mwezi mzima na hakuna aliyeuliza maji ya kunywa yako wapi. Kisha hutoka dubwana, likameza watu, likazama, na sura imekwisha. Msomaji aliyekulia Tanga, Lamu au Kilwa haogopi hata kidogo, kwa sababu bahari anayoijua yeye huua bila ya dubwana.

Msimamo wetu ni kwamba bahari ya kubuni hutisha inapokuwa na kanuni, mwandishi akazijua zote na nahodha wake akazijua nusu. Ile nusu asiyoijua nahodha ndiyo siri ya bahari hiyo.

Mwandishi na aanze juu, kwenye mwezi, maana maji hufuata mwezi. Kwetu, kati ya kujaa na kujaa hupita saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huvuta kwa mstari mmoja na jua, tukapata bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida. Ukiwa nusu, nguvu hizo hupingana, tukapata maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu. Nguvu ya jua juu ya maji ni pungufu kidogo ya nusu ya ile ya mwezi.

Waandishi wengi hupenda dunia yenye miezi miwili. Vizuri, ila wapige hesabu. Tuseme mwezi mkubwa huandama kila siku 30 na mdogo kila siku 12. Miezi hiyo itakutana upande mmoja wa anga kila baada ya siku 20, na katikati yake, siku ya 10, itakuwa pande mbili zinazotazamana. Hali zote mbili huinua maji, kwa hiyo bamvua kubwa ipo kila siku 10, na siku 5 baada yake maji hufa. Kila bamvua ya tatu, yaani kila siku 30, jua nalo huingia kwenye mstari. Hiyo ndiyo ya kuogopwa, na mji wowote wa pwani katika dunia hiyo utakuwa na mtu kazi yake ni kuihesabu. Kuna jambo jingine ambalo husahauliwa: mwezi wa siku 12 lazima uwe karibu kuliko wa siku 30, kwa umbali unaozidi kidogo nusu ya ule wa mwenzake. Mvuto juu ya maji huongezeka kwa kasi kubwa kitu kikisogea karibu, hivyo mwezi huo ukiwa na uzito sawa na mwenzake utayavuta maji mara sita zaidi, na hakuna bandari itakayosalia. Ufanywe mwepesi. Sehemu moja ya kumi ya uzito wa ule mkubwa inatosha; hapo nguvu zao zitakaribiana kiasi cha kusaidiana siku hii na kupingana siku ile.

Hesabu hiyo ikishafanywa, hadithi hujiandika yenyewe. Chukulia ile njia ya bahari inayokauka, wasafiri wakavuka kwa miguu. Wazo ni zuri na limetumiwa mara nyingi, lakini maji yanaporudi huwa yanarudi kama ukuta mmoja, jambo ambalo si la kawaida ya kujaa kwa maji. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Ukigawa kimo chote sehemu 12, saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Chukua ghuba ambamo maji makavu, yaani yaliyokwisha kupwa, na maji kujaa hupishana kwa mita 12. Si kutia chumvi, kwani ghuba ya Fundy kule Kanada hufika mita 16 hivi. Saa ya kwanza maji hupanda mita 1, na msafiri hudharau. Saa ya tatu hupanda mita 3. Mchanga ukiwa umeinama mita 1 kwa kila mita 500, ukingo wa maji utasogea kilomita moja na nusu ndani ya saa hiyo moja, naye yumo kwenye tope la magoti. Na hilo bado silo linalomuua. Mifereji iliyo kati yake na nchi kavu hujaa kwanza, wakati fungu la mchanga alilosimama bado ni kavu na jeupe. Akigeuka kurudi hukuta mto ulio na nguvu mahali alipopita asubuhi kwa kulowa vifundo vya miguu. Mwandishi anayelijua hili hahitaji kumwambia msomaji kuwa mahali hapo pana laana.

Upepo nao uwe na msimu. Kwetu kaskazi huanza kushika mwezi wa Desemba na kwisha Machi. Kusi hutawala kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba au Oktoba. Kati yake kuna malelezi, pepo zisizoaminika. Nyuma ya utaratibu huu zimesimama biashara, ndoa na njaa za karne nyingi. Dunia ya kubuni inaweza kuwa na utaratibu wake, mradi uwepo. Mabaharia waliochelewa wiki mbili wakifungiwa nje na msimu kwa miezi sita, hayo ni maafa makubwa kuliko tufani yoyote iliyotumwa na mchawi.

Mkondo utengwe na upepo, maana wengi huvichanganya. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaweza kufika maili 4 za bahari kwa saa. Jahazi linalokwenda maili 5 likiwa linaupinga mkondo huo husogea maili 1 kwa saa, yaani 24 kwa siku nzima. Likifuata mkondo husogea maili 9 kwa saa. Njia ni ile ile, chombo ni kile kile, na kurudi huchukua mara tisa ya kwenda! Hapo ndipo pa kuweka nchi ambayo watu hufika na hawarudi. Kisha upepo ukivuma kuupinga mkondo, mawimbi hufupika na kusimama wima. Pwani ya mashariki ya Afrika Kusini inajulikana kwa hilo: mkondo mkali unashuka kuelekea kusini-magharibi, mawimbi ya dhoruba yanapanda kutoka huko huko. Mwaka 1909 meli Waratah ilipotea katika maji hayo ikiwa na watu 211, bila ya kuacha alama.

Kuhusu mwamba unaoizingira bandari, tungependa kuona mlango mmoja tu wa kuingilia, na masharti ya kuuingia. Mwenye kuijua kazi huingia jua likiwa juu na nyuma yake, mtu akiwa amepanda mlingotini kutazama rangi: kahawia ni mwamba ulio karibu na uso wa maji, kijani mpauko ni mchanga, buluu iliyokoza ni kina. Jioni jua likiwa usoni rangi zote hupotea na maji huwa kioo. Usiku kinachobaki ni bildi, ile risasi ya kupimia kina inayoshushwa kwa kamba, yenye shahamu chini ili ilete sampuli ya tope au mchanga, na sikio la kusikiliza mawimbi yanayovunjika. Wimbi la mita 2 huvunjika likifika penye kina cha mita 2 na nusu hivi, kwa hiyo mstari wa povu ni ramani kwa anayejua kuisoma. Nahodha wa hadithini anayeingia bandari ngeni usiku kwa tanga zima ama ana wazimu, ama anafukuzwa. Mwandishi aseme ni lipi.

Sasa maajabu. Tunawasihi vijana waangalie kwanza yale yaliyothibitishwa, maana mengine yanashinda yaliyobuniwa. Mwezi wa Januari 1995 meli ya mizigo ya Uingereza iitwayo Lima ilipita karibu na pwani ya Somalia ikakuta bahari nzima imekuwa nyeupe na inang'aa, kana kwamba inaelea juu ya theluji. Miaka kumi baadaye wanasayansi walichapisha picha za setilaiti zinazoonyesha nuru hiyo: ilidumu usiku tatu na eneo lake lilizidi kilomita za mraba 15,000, zaidi ya mara tano ya Unguja na Pemba kwa pamoja. Inaaminika kuwa hufanywa na bakteria wasiohesabika. Ile nuru ya kawaida ya bahari, tunayoiona kasia likipiga maji, huwaka kwa kutikiswa. Hii huwaka yenyewe na haipepesi. Mwandishi afikirie madhara yake ya kazi: maji yote yakiwa meupe, povu la mwambani halionekani. Ile ramani ya povu tuliyoisema Mungu ameikunja.

Mwaka huo huo wa 1995, tarehe 1 Januari, kifaa kwenye mtambo wa Draupner katika Bahari ya Kaskazini kilipima wimbi moja la mita 25.6, wakati mawimbi makubwa yaliyolizunguka yalikuwa ya mita 12 hivi. Kabla ya hapo mabaharia waliosimulia mawimbi ya namna hiyo hawakusadikiwa sana. Na hewa ya joto ikilalia maji baridi hupinda nuru, kisiwa kilicho chini ya upeo kikapanda juu yake, pengine kikiwa kichwa chini. Nahodha akielekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kwenye kisiwa hicho hajarogwa, ila amedanganywa na hewa, na jua likipanda kitamtoweka.

Bahari yetu wenyewe iliwahi kuwa ndiyo ya kutisha katika maandishi ya watu. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika Qanbalu, ambako wataalamu wengi wanadhani ni Pemba, na kuondoka mara ya mwisho mwaka 916 au 917, aliandika kwamba katika bahari zote alizosafiri hakuona ya hatari kama hii ya Zanji. Alieleza mawimbi kama milima, yanayoinuka na kushuka bila ya kuvunjika wala kutoa povu. Kilichomtisha ni umbo la mawimbi hayo, nasi tunaona hapo kuna somo la uandishi.

Dubwana likiwa halina budi kuwepo, lipewe chakula, kina na dalili. Kutoka ngazi moja ya ulaji hadi nyingine sehemu kubwa ya nguvu hupotea, karibu tisa ya kumi, kwa hiyo ghuba moja hailishi madubwana ishirini. Moja linatosha, na lina eneo lake. Nuru ya jua karibu hukatika kwenye mita 200, na kwenye mita 1,000 ni giza tupu. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kiumbe wa huko hatoki kucheza juani bila ya sababu. Silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka zamani za madainosaria, alipatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 amenaswa na nyavu za wavuvi wa hapa Tanga, hata hifadhi yake ikaanzishwa mwaka 2009. Hakujulikana kwa sababu hukaa kwenye mapango ya kina kirefu, penye miteremko mikali karibu na pwani. Naye dubwana na awe na anwani ya namna hiyo. Dalili yake iwe ya pua kabla ya macho: harufu kama ya ambari, ambayo hutoka tumboni mwa nyangumi, ikitanda juu ya maji yaliyotulia.

Mwisho kabisa, pipa la maji. Watu 14 kwa lita 3 kila mtu, siku 20, ni lita 840. Ongeza nusu yake kwa ajili ya kukosa upepo, inakuwa 1,260. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na figo hazina uwezo wa kuitoa bila ya kutumia maji mengi kuliko yaliyonywewa, ndiyo maana anayeyanywa hufa kiu haraka zaidi. Na macho yapewe mipaka: aliyesimama na macho mita 2 juu ya maji huona kilomita 5; aliye mlingotini, mita 16 juu, huona 14. Kilima cha mita 100 kitaonwa na wa mlingotini kutoka kilomita 50 hivi, karibu saa tano na nusu kabla ya kufika kwa mwendo wa maili 5. Saa hizo ni ndefu mno kuziruka kwa sentensi moja, watu wakiwa na kiu na maji yanaanza kupwa.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni hili: hadithi ya aina hii ikichapishwa, mwandishi atakiwe alete ramani yenye kipimo, mishale ya mkondo na ya pepo za kila msimu, kina kwa pima, na jedwali la maji la siku 30 pembeni. Si lazima yote yachapishwe. Ramani ikifika, tuko tayari kuipitia bila malipo na kuirudisha kwa mwandishi na masahihisho ndani ya wiki mbili.

Wapitiaji wa hadithi za kubuni,
Tanga